Ngedere Aliyemwona Bibi Julia

Siku ile nyumba ya Gervas, pale Newala, ilijaa watu bila mwaliko wowote.

Alasiri ilianza kama kawaida. Bibi Julia, mama yake Gervas, alikuwa barazani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Mkwewe Veridiana ndiyo kwanza anatua ndoo ya maji. Ulikuwa mwaka ule biashara huria ilipoanza. Masasi ilijaa mitumba na vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Gervas alikuwa amerudi kutoka huko jana yake, na mashati mawili na kitabu cha picha.

"Kitabu cha nini?" Bibi Julia alimuuliza. "Mtoto mwenyewe hajui kusoma!"

Kweli. Agatha, binti wa Gervas, alikuwa darasa la pili. Akipewa kitabu shuleni, ananyamaza kimya. Mwalimu wake alishasema: asipoweza kusoma ifikapo Novemba, atarudia darasa. Wenzake walishaanza kumwita Mama Kurudia.

Sasa Agatha alikaa mkekani na kitabu chake kipya. Bibi aligeuza uso kama hajali. Mtoto akaweka kidole chini ya maneno, akasoma polepole:

"We-we! Ni-fi-che! Mwenye shamba anakuja!"

Kwenye picha palikuwa na ngedere ameshika muhogo wa wizi. Agatha alicheka. Akamfunika ngedere kwa kiganja. Kisha akafunua ukurasa, akasoma ngedere anavyomjibu:

"Asante. Lakini huyo mtu mzima..."

Bibi Julia aliacha kumenya. Akanyoosha shingo.

"...anaye-chu-ngu-lia nyuma yako, mwambie asiniseme!"

Kisu kilimponyoka Bibi.

"Uwii! Veridiana! Kitabu kimeniona!"

"Kimekuona vipi, mama?"

"Kimesema nachungulia!"

"Kwani ulikuwa unachungulia?"

"Ndiyo! Sasa kimejuaje?"

Jirani yao, Mama Dadi, alikuwa upande wa pili wa ua. Mama Dadi akisikia jambo, halikai dakika mbili. Muda si mrefu uwanja ulijaa wanawake, wengine na watoto mgongoni.

"Kitabu kina macho!" alisema mmoja.

"Vitu vya siku hizi hivi, tunajua vinakotoka?" alisema Mama Dadi. "Kichomeni!"

Bibi Julia alikishika kitabu kwa ncha ya kanga, akaelekea jikoni. Agatha akamkimbilia, akamng'ang'ania.

"Bibi, usikichome! Hiki ninakiweza!"

Veridiana akamtazama mwanawe kama anamwona leo.

"Agatha! Kumbe ulikuwa unasoma?"

Kwa mshtuko ule, hakuna aliyekuwa ameliona hilo.

Mwalimu Nurdini alikuwa anapita. Yeye hufundisha watu wazima kusoma na kuandika.

"Shikamoo, mama. Kuna msiba?"

"Marahaba, mwanangu. Kitabu kimeniona."

Nurdini alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Alikichukua kitabu, akaenda nacho kwa kuku aliyekuwa anaatamia penye kona ya ukuta. Akachuchumaa mbele yake, akamsomea:

"Huyo mtu mzima anayechungulia nyuma yako, mwambie asiniseme!"

Akageuka. "Haya, akina mama. Nyuma ya kuku yuko nani?"

"Hakuna mtu. Ni ukuta tu."

"Basi kitabu hakioni. Maneno ni yale yale, asome yeyote, akae popote."

"Sasa mimi kilinijuaje?" aliuliza Bibi Julia.

"Hakikukujua wewe. Aliyekiandika ndiye anayejua watu. Mtoto akisoma, mkubwa hakosi kuchungulia."

"Bibi Julia, hapo umepatikana!" alisema Mama Dadi. Vicheko vikalipuka.

"Mama," alisema Nurdini, "wacheza ngoma wa mapiko wakiingia uwanjani na vinyago vyao usoni, mmoja akakukimbilia, unafanyaje?"

"Nakimbia! Napiga na kelele."

"Halafu unakwenda kulala?"

"Nani? Narudi kutazama!"

"Na kitabu hiki ni mchezo wa namna hiyo. Kinamchokoza msomaji ili ajibu. Ndiyo maana Agatha hakuogopa maneno. Alitaka kujua anaambiwa nini."

"Sasa sisi tufanyeje?" aliuliza Veridiana.

"Kaeni naye kila siku, hata kidogo tu. Mwacheni afuate maneno kwa kidole. Kitabu kikiuliza, subirini ajibu mwenyewe. Kabla hajafunua, muulizeni anadhani kitatokea nini. Akikosea, msimcheke. Arudie taratibu. Na ninyi si lazima mjue kusoma. Hata asiyejua anaweza kukaa akasikiliza."

Wakafanya hivyo. Watoto wa jirani nao wakaja, mkeka ukawa hautoshi. Wakati mwingine walibishana na ngedere kwa kelele mpaka Gervas akatoka nje kuuliza kuna nini.

Novemba ikafika. Mwalimu wa darasa alimpa Agatha karatasi yenye habari ya shamba la korosho. Agatha aliisoma kuanzia juu hadi chini. Mara mbili alikwama, akarudia neno taratibu, akaendelea. Mwalimu alivua miwani kwa mshangao.

Agatha akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake.

"Unatafuta nini tena?" mwalimu aliuliza. "Umeshapita. Unakwenda darasa la tatu."

"Namtafuta ngedere wa kumjibu, mwalimu."