Mpunga Ulikuwa na Mlinzi

Waliniambia binti yangu anavuka daraja kila Ijumaa kwenda Lupiro, amepakiwa kwenye pikipiki ya mwanaume, begi mgongoni, na harudi mpaka Jumapili. Maneno hayo aliyaleta Theodosia, jirani yangu wa shamba. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, wala hakuitua. Nilimuuliza ameyasikia kwa nani. Akasema yanasemwa tu mjini.

Mwezi wa tano wengi wetu wa Ifakara hatukai nyumbani. Mpunga ukianza kuiva tunahamia bondeni, mbele ya kijiji cha Michenga, tunajenga dungu, jukwaa la miti, na kukaa juu yake kulinda ndege. Kwelea hawana huruma. Ukizubaa asubuhi moja tu, unavuna majani. Basi mimi na mume wangu Valeriani tulikuwa juu ya dungu tangu alfajiri hadi jua kuzama, huyu na kombeo, huyu anagonga debe.

Mtoto wetu Aurelia, miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, tulimwacha nyumbani mjini, mtaa wa Mlabani, ili asome. Nilijiambia hayuko peke yake. Chumba cha uani kulikuwa na mpangaji, Nickolaus, mtu mzima na mpole, anayefanya kazi mbali na kurudi mwisho wa wiki. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu aniangalizie mtoto. Akajibu nisiwe na shaka.

Huko bondeni simu haikamati mtandao. Salamu zetu alizibeba Tadei, anayetuletea chumvi na sabuni kwa baiskeli kila Jumatano. Mimi nilituma maagizo: afagie uwanja, afue sare, asitoketoke. Aurelia aliuliza jambo moja tu, mama anakuja lini. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikasema amezoea kudekezwa. Mara ya tatu nilimwambia Tadei amjibu kwamba mpunga haujilindi wenyewe.

Sasa yakaja haya ya Lupiro. Siku mbili nilirusha mawe hovyo, ndege wanaruka na kutua palepale. Ijumaa nikashuka kwenye dungu, nikakodi baiskeli mpaka mjini. Sikwenda nyumbani kumngoja mtoto nimuulize. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha chipsi karibu na kijiwe cha bodaboda, namvizia mwanangu wa kumzaa kama mwizi.

Saa tisa na nusu alitokea na wenzake, wamevaa sare. Alimwamkia dereva mmoja, akapanda. Nilitoka mbio, nikamvuta mkono, nikampiga kofi mbele ya watu wote. Nikamwambia shule imekwisha, kesho anakuja kulinda ndege, huko angalau nitamwona kwa macho.

Watoto wengine walicheka. Kijana mmoja wa kijiweni akasema, "Leo mzigo umekamatwa na mwenyewe." Aurelia hakulia. Aliniangalia, kisha akaangalia chini.

Dereva alizima pikipiki yake. Alikuwa mtu wa makamo, jina lake Damiani. Alinisalimia kwa adabu, ndipo akasema, "Mama, mimi ni jirani wa wifi yako Febronia, kule Lupiro. Yeye ndiye anayenituma nimchukue mtoto. Muulize mwanao anakimbia nini."

Nilimwongoza Aurelia nyumbani, tukakaa kwenye kizingiti cha jiko, nikamuuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza kitu tangu tuhamie shamba.

Alisimulia huku anachora chini kwa kijiti. Ijumaa ya kwanza Nickolaus aliporudi kutoka kazini alimgongea dirisha. Alimwambia afungue mlango, atamnunulia simu, na asimwambie mtu. Aurelia aliburuta gunia la mpunga na kulikingamisha mlangoni, akakaa juu yake. Ijumaa iliyofuata alikwenda Lupiro kwa shangazi yake. Shangazi aliambiwa tu kwamba mtoto anaogopa kulala peke yake, akaona afadhali awe anamchukua.

Nilimuuliza kwa ukali mbona hakuniambia.

"Nilimtuma Tadei mara tatu."

"Tadei alisema unauliza nakuja lini."

"Sasa mama, Tadei ningempa maneno gani mengine? Anakunywa na Nickolaus. Nilijua ukija, nitakuambia wewe."

 

Na yale maneno ya mjini, unajua aliyeyaanzisha? Baadaye nilimbana Theodosia akasema: aliyasikia kwa Nickolaus mwenyewe, dukani. Alipoona mtoto anamkwepa, akamchafua ili siku akisema, asiaminiwe. Theodosia akayabeba kilomita zote zile bila kuuliza. Mimi mama mzazi nikayaamini.

Jioni ileile tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee mmoja aliyekuwa pale akashauri tuyamalize nyumbani, maana hakuna kilichotokea. Nilimwambia, shikamoo yako nimekupa, lakini hilo sikubali. Mtoto kukaa juu ya gunia mpaka asubuhi, hicho si kitu? Mwenyekiti alitupeleka polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, Aurelia akaeleza yote kwa dada mmoja askari aliyemsikiliza bila kumkatiza. Nickolaus aliporudi alikuta anasubiriwa. Kesi yake inaendelea, na chumba cha uani sasa tunawekea mpunga.

Valeriani alikuja Jumapili. Tulikubaliana kupokezana, wiki moja yeye dunguni na mimi nyumbani, wiki nyingine kinyume chake. Mlinzi mmoja hatoshi, kwelea wamekula kipande chote cha upande wa mfereji. Wacha wale.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza Aurelia mpaka kijiweni. Madereva walikuwepo, wanafunzi pia. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Ijumaa nilimpiga mtoto huyu hapa. Hakuwa na kosa. Mwanangu, nisamehe." Yule kijana aliyemwita mzigo akatazama pembeni.

Aurelia akasema, "Nimesikia mama. Nitachelewa mstarini." Akaenda. Lakini jioni alikuja kukaa nami jikoni, akanisimulia habari za shule bila kuulizwa, mpaka wali ukashika chini ya sufuria.

Nimeishia darasa la saba, sina maneno makubwa. Ninachojua ni kwamba tuliulinda mpunga dhidi ya ndege kutwa nzima, na mtoto tukamwachia kufuli. Mzazi na mwanawe hushikamana kwa kuulizana na kusikilizana. Maagizo ya kutumiana hayatoshi. Kwa hiyo nawasihi hivi:

Mzazi, usimkabidhi mtoto kwa mtu kwa sababu ni mpole.

Usitume maagizo tu. Nenda mwenyewe.

Mtoto akiuliza unakuja lini zaidi ya mara moja, usicheke.

Usimvizie mwanao. Muulize.

Usimpige kabla hujasikia, wala usione aibu kumwomba radhi.

Usibebe maneno ya mjini kama hujui yametoka kwa nani.

Usikubali kuyamaliza nyumbani.

Na wewe mwanafunzi, usitunze siri ya mtu mzima anayekuambia usimwambie mama. Mama akiwa mbali, mwambie shangazi au mwalimu, na umwambie yote. Asiposikia, mwambie mwingine.