Kipandio Kirefu cha Mnarani

Rafiki yangu Attracta alikuwa anamenya viazi, jirani yake Fintan akachungulia dirishani.

"Attracta, mwanao yuko juu mnarani."

"Na wewe umekuja kunipa habari badala ya kumshusha?"

"Mimi kule jioni siingii, dada. Niite mwoga tu."

Attracta akatupa kisu, akakimbia. Mnara ule wa mawe umesimama nyuma ya zizi lao tangu enzi za vita vya koo. Ngazi zake zinazunguka ndani ya ukuta, giza tupu, na katikati wajenzi waliinua kipandio kimoja kuliko vingine, makusudi ili adui ajikwae. Attracta amezaliwa pale, na bado kipandio hicho humwangusha.

Alimkuta mwanawe Dervla, wa miaka mitano, amekaa juu kabisa. Akambeba mgongoni, wakaanza kushuka. Nyuma yao zikaanza kusikika nyayo za mtu asiye na viatu, zikishuka bila haraka. Kwenye kile kipandio Attracta alijikwaa, akachubuka kiwiko. Zile nyayo zilipita pale bila kukosea.

Hakugeuka. Alipofika nyumbani alifunga mlango kwa komeo. Mumewe, Lorcan, akapakua viazi na kabichi. Attracta akawahesabu mezani: Lorcan, Dervla, pacha wao wawili, na yeye mwenyewe. Wote wapo.

Ndipo nyayo zikasikika zikipanda ngazi za mbao za mle ndani ya nyumba, ambazo vipandio vyake vyote vina kimo sawa. Zilipofika katikati, mguu mmoja ulitua kwa kishindo, kama wa mtu aliyetarajia kipandio kirefu.