Mafuta Kwenye Jamvi la Karafuu

Mzee Mjaka Hafidh alikutwa ameukumbatia usukani, kanzu mpya mwilini, udi ukimnukia hata pale bondeni. Alikuwa ameshakufa. Pijo lake la mwaka sitini na saba, gari lililobeba nusu ya maharusi wa kusini mwa Pemba, lilitoka kwenye mteremko wa Kengeja likaenda kujibamiza kwenye mfenesi. Barabarani hapakuwa na alama yoyote ya tairi kufunga breki.

Inspekta Kazija Mmanga aliteremka bondeni na viatu vyake vya ofisini, maana kusubiri aletewe viatu vyengine hakuwezi. Aliingiza mkono mlangoni, akaibonyeza pedali ya breki. Ilizama mpaka chini.

"Gurudumu la nyuma, kushoto," mkaguzi wa magari alisema kutoka chini ya gari. "Skrubu ya kutolea upepo wa breki imelegea nusu mzunguko. Mafuta ya breki yote yamemwagika."

"Imevunjika?"

"Haikuvunjika, Afande. Imefunguliwa kwa spana."

Habari nyengine ililetwa na watu wa Kengeja wenyewe, waliokuja mbio na vilio. Mzee Mjaka alikuwa akingojwa kwao adhuhuri ile. Bwana harusi alikuwa yeye. Mke mkubwa, Bi Mwanapili, walisema hajui lolote la ndoa hiyo.

Basi ikaonekana kesi nyepesi. Breki za gari lile zilitengenezwa Alhamisi na Jaribu, fundi wa Mtambile. Jumamosi jioni Jaribu alikuwa ndani, na hati ya kumkamata iliwekwa saini na Kazija mwenyewe.

Tangu saini ile, Kazija hakukalika. Chai ilipoa mezani, akaagiza nyengine, nayo ikapoa. Kila akitoka nje anamkuta Asya, mke wa Jaribu, kakaa kwenye ukingo wa ukuta na bakuli la chakula, tumbo limemfika kidevuni. Hamlaumu mtu, hasemi neno, anaamkia tu kwa adabu. Afadhali angetukana.

Kilichomkosesha raha ni mchanga. Jumapili alikwenda nyumbani kwa marehemu akaingia ndani ya banda la gari. Pijo lilikaa humo tangu Alhamisi jioni mpaka Jumamosi asubuhi, na mchanga wake ulikuwa mkavu, haukuwa na hata tone. Lakini tone la kwanza la mafuta lilikuwa pale pale nje ya geti la banda, na matone yakafuatana barabarani mpaka mteremkoni. Skrubu iliyoachwa wazi na fundi ivuje barabarani tu, siku mbili bandani isivuje? Mafuta yale yalikwenda wapi?

Jumanne asubuhi mkuu wa kituo alimsimamisha ukumbini.

"Kesho saa tatu fundi anapanda mahakamani. Jalada liko wapi?"

"Nalimalizia, Mkuu."

"Tangu juzi unalimalizia. Hata kukaa hukai, unazunguka tu."

"Mkuu, mke wa marehemu hatujamhoji."

"Yuko eda yule. Umwingilie ndani kwa lipi? Mwanamke ajue nini mambo ya breki?"

 Neno lile lilimkera Kazija, na lililomkera zaidi ni kwamba na yeye alifikiri hivyo hivyo Jumamosi. Akenda mahabusu.

Jaribu alisimama kwa heshima. Siku nne zilikuwa zimeshamkausha mashavu.

"Skrubu uliikaza?"

"Niliikaza, Afande."

"Uliikaza, au unadhani uliikaza?"

"Kwenye breki mie sidhanidhani. Nimeikaza, nikaifuta kwa kitambaa, Mzee Mjaka kasimama ananitazama. Kaondoka nalo, kateremka milima yote mpaka kwake, salama."

"Breki zake siku zote ulikuwa ukimtengenezea wewe?"

"Hata. Injini ndiyo yangu. Breki akizitengeneza mwenyewe kwake, hampi mtu. Alhamisi ile ndiyo mara ya kwanza."

Kazija aliacha kuzungukazunguka. Baba yake alikuwa dereva wa lori kule Shumba. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja akae juu akanyage pedali, mwengine alale chini afungue skrubu na kuikaza. Alijua kwa sababu utotoni mguu wa kumkanyagia baba pedali ulikuwa wake.

"Kwake, mwenziwe alikuwa nani?"

Jaribu alifikiri. "Hilo sijapata kumuuliza."

Kazija alipotoka ukumbini alimkuta Koplo Duni akiwachekesha wenzake. Koplo alitumwa kituo cha kununulia karafuu, kulikuwa na zogo. Binti mmoja kapeleka polo la karafuu, gunia zima, mpimaji kaingiza mkono, kanusa, kalikataa.

"Anamwambia, 'Bibi wee, hizi karafuu au gereji?' Yule mtoto wa watu analia, kang'ang'ania mizani hataki kuondoka. Mie ndo n'kamtoa."

"Binti wa nani?"

Kicheko kilianza kumwisha Duni. "Yule Safaa. Wa marehemu Mjaka."

Kazija hakumsubiri dereva; alimchukua Duni, akaendesha gari mwenyewe.

Safaa alikuwa bado kwenye ngazi za kituo cha karafuu, macho mekundu, polo miguuni. Kazija alimpa pole ya msiba, akakaa kando yake, akaufungua mdomo wa polo. Karafuu zilikuwa nyeusi, zinateleza. Aliisugua moja kwenye ubavu wa gari la polisi, penye rangi. Haikuchukua muda rangi ikafura na kubambuka chini ya ukucha wake. Mafuta ya breki ndiyo yenye tabia hiyo.

"Hizi zilianikwa wapi, mwanangu?"

"Uani, Afande. Ijumaa magharibi mvua ikatuvamia. Mie na mama tukalivuta jamvi, tukalisukuma bandani, chini ya gari la baba. Kwengine hapakuwa na nafasi."

"Alhamisi, chini ya gari palikuwa na nini?"

"Hamna kitu. Mchanga tu. Ijumaa asubuhi nilipafagia."

"Ulipofagia, uliona mafuta?"

"Sikuona. Palikuwa pakavu."

"Na jamvi ulilitoa lini?"

"Jumamosi, baba alipokwisha kuondoka. Nilikuta upande mmoja umeroa. Mama akanambia hizo zitie polo lake peke yake, ziweke kando." Alifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mie n'kaona haya kuziacha, Afande. Karafuu zile."

Mtu wa kwengine angezimwaga shimoni siku ile ile, na Jaribu angekwenda jela. Lakini afadhali uliambie jiwe liimbe kuliko kumwambia Mpemba amwage karafuu. Mama kashindwa kuzimwaga, na mwana kashindwa kuziacha kando.

Ndani ya gari, Safaa akiwa bado nje akilifunga polo, Kazija alilipanga jambo kwa sauti, Koplo Duni anasikiliza. Skrubu ingekuwa wazi tangu kwa Jaribu, mchanga ungeroa Alhamisi. Haukuroa. Kwa hiyo ilifunguliwa baada ya jamvi kuingia bandani, Ijumaa magharibi, na kabla ya gari kutoka Jumamosi asubuhi. Geti limefungwa, na nyumbani wamo watu watatu tu.

"Mmoja kafa," alisema Duni taratibu. "Mmoja ndo huyu anayetuletea ushahidi mwenyewe."

"Wewe utabaki barazani. Ndani hapaingii mwanamme."

Chumba cha eda kilikuwa na pazia zito na harufu ya ubani. Bi Mwanapili alikaa juu ya mkeka, amejitanda, tasbihi mkononi. Kazija alitoa salamu na pole, akajibiwa. Kisha akamwambia kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema lolote, na atakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani.

"Nauliza moja tu kwanza, mama. Breki za gari, upepo akitoa na nani?"

Tasbihi ilisimama.

"Na mie."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Mie juu, yeye chini. 'Kanyaga, Mwanapili. Shikilia. Achia.' Hata na mimba ya Safaa nilikanyaga."

"Basi skrubu unaijua ilipo."

"Naijua kama naijua mafiga yangu." Alitazama pazia. "Alhamisi kaja kanambia breki kapeleka kwa fundi. N'kajua pana jambo. Mtu hakuachi kwenye breki bila ya sababu. Ijumaa, katoka kusali, kanikalisha hapa hapa. Kanambia kesho naoa Kengeja. N'kamuuliza, utakwenda kwa gari lipi? Kanambia, kwani tuna mangapi?"

"Ulikasirika."

"Gari lile ndilo lililonitoa kwetu, mwanangu. Maharusi wote wa watu nimewapambia mie kwa mkono wangu, maua na mikanda. Asubuhi ile kanambia nilipambe."

"Ukalipamba?"

"N'kalipamba. Kisha n'kainama nyuma, n'kafungua."

Kazija aliandika. 

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka asende." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mjaka hakuwa akitia gari moto mpaka akanyage breki mara tatu. Siku zote za Mungu. Nikajua atakanyaga, ataiona inazama, ataniita. Nitakaa juu, yeye chini, atanambia kanyaga, shikilia, achia. Adhuhuri itampita. Na pengine akishanisikia mguu wangu..." Hakumaliza.

"Mbona hakukanyaga?"

"Nilikuwa dirishani. Kapanda, katia moto, kaondoka. Alikuwa anaimba. Furaha ilimsahaulisha."

"Na wewe ulijua hakukanyaga."

"Nilijua."

"Ulimwita?"

 Nje Safaa alisikika akimpa Koplo Duni maji ya kunywa.

"Mdomo niliufungua," alisema Bi Mwanapili. "Kila nikitaka kumwita, naisikia ile nyimbo yake. Sikumwita."

 Kazija alimfikiria Asya pale ukutani na bakuli lake, na hasira ikaishinda huruma.

"Na Jaribu? Una habari mkewe karibu kujifungua?"

"Jaribu ningekuja kumtoa."

"Lini?"

"Nikimaliza eda."

"Miezi minne na siku kumi, mama. Mtu hakufanya kitu, akae ndani miezi minne na siku kumi?"

"Kengeja hakufika," alisema Bi Mwanapili, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. "Ndoa haikufungwa. Kafa na mke mmoja. Angefika, tungekaa eda wawili, watu wangetupa pole wawili. Nikasema niache niikalie hii, ni yangu peke yangu, halafu nije nyinyi mnifanye mtakavyo. Najua nimemdhulumu yule kijana. Kila nikisali namwona."

Alisaini maelezo yake kwa dole gumba. Kazija alitoka ukumbini akapiga simu kituoni. Alimwambia mkuu kwamba ana maelezo ya kukiri, karafuu zenye mafuta ni kielelezo, na Jaribu atolewe sasa hivi, si kesho. Mkuu alianza kuuliza maswali. Kazija alimwambia kwanza amwite Asya aingie ndani, maswali yatamkuta njiani.

Aliporudi chumbani Bi Mwanapili alikuwa ameshavaa buibui, amesimama katikati ya mkeka.

"Huko mahabusu," aliuliza, "wanaume wataniona?"



"Watakuona, mama."

Bi Mwanapili aliinamisha kichwa. Aliuteremsha ushungi usoni, akamshika Kazija mkono, wakavuka kizingiti pamoja. Ilikuwa siku ya nne ya eda yake.