Simu ya Kamera Tatu

Ndugu zangu wa Koboko, nanyi mlioko Arua na vijiji vya katikati, nitegeeni sikio kidogo. Haya hayakutokea mbali, na sina nia ya kumcheka mtu. Ila nikinyamaza, kesho yatamkuta mwingine.

Nje ya mji wa Koboko, upande unaoteremka kuelekea mpaka wa Kongo, kuna nyumba ya fundi cherehani aitwaye Sulaiti. Nyumba iko bondeni, kwenye kivuli na maji ya karibu. Asubuhi moja mkewe, Hawah, alikuwa anachemsha chai ya tangawizi, na binti yao Zam, mtoto wa miaka saba, ameketi mkekani akichambua maharage. Alichambua kwa vidole. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, utando mweupe uliokuwa unazidi mwaka hadi mwaka, na sasa aliwatambua watu kwa sauti na kwa mwendo wao.

Kwenye nguzo ya jiko palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, umepigiliwa msumari. Ndani ya mkebe ilikaa simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita katochi. Mtandao wa Uganda haufiki vizuri kule bondeni, na Sulaiti alikuwa amezunguka kiwanja kizima, simu juu ya kichwa, mpaka akapata mahali pale pamoja tu. Simu ikiita, mkebe mzima ulilia, na aliyekuwa karibu alikimbia kupokea. Zam ndiye aliyekuwa hodari wa kusikia.

"Baba, mkebe iko nalia!"

Mwezi uliotangulia walikuwa wamempeleka Zam katika hospitali moja karibu na Arua. Madaktari wa upasuaji wa macho walitarajiwa kuja kutoka mbali na kukaa siku nne tu. Nesi aliyeandika majina, Daniella, alimweleza Sulaiti bila kuzungukazunguka.

"Madaktari wakifika, tutapiga simu. Tunapiga mara tatu. Usipopatikana, tunaita jina linalofuata. Na huyu asikose, Mzee, jicho ya mtoto haingojee. Uko na namba ingine, hata ya jirani?"

"Sister, andika hiyo moja. Namba yangu hailalangi," Sulaiti akajibu, na akacheka.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Hawah alikuwa akifua, anasimama, anatazama mkebe. Sulaiti mwenyewe aliacha kitambaa nusu kwenye mashine akaenda kuhakikisha simu ina chaji. Kumbe kilichokuwa kinawanyemelea kilitokea upande mwingine kabisa.

Latifu, mdogo wake Sulaiti, alikuwa anaoa. Vijana wakaja kupimwa kanzu za harusi, na Sulaiti alipotoa katochi yake kuangalia saa, wakaangua kicheko.

"Kaka, fundi mkubwa hivi unashika kitu kama kipande ya sabuni?" Latifu akasema. "Nani atapiga picha ya harusi yangu? Ile mkebe?"

Ulikuwa utani wa ndugu, lakini ulimchoma. Usiniulize kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake na heshima yake anaumia kwa jambo dogo vile. Sulaiti alijiuliza hivyohivyo, na bado siku nzima alipoinua mkono kukata kitambaa aliwaona wale vijana wanacheka.

Jumamosi akaenda Arua kununua nyuzi na vifungo. Kabla ya kumaliza shughuli zake alikuwa ameshasimama katika duka la simu la Ambroise, Mkongo wa makamo aliyeweka biashara yake nyuma ya soko. Ambroise hakuanza na bei. Alianza na swali.

"Mzee Sulaiti, unakaa pahali gani?"

"Koboko. Kule chini, karibu na mto."

"Mtandao inafikaka?"

"Inafika pahali moja. Jikoni. Na hapo ndio niko nangojea simu ya daktari ya mtoto."

Ambroise akatoa simu nene, isiyo na mng'aro, yenye kioo kidogo. "Basi beba hii. Inaingiaka internet, batri yake ni ya siku mbili, na inashika mtandao ya mbali. Mutu ya bonde ndio anatafuta hii."

Macho ya Sulaiti yalikuwa kwenye nyingine. Ilikuwa nyembamba, rangi ya bluu inayobadilika ukiigeuza, na mgongoni ilikuwa na kamera tatu.

"Na ile?"

"Ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu ya inchi ingine. Hapa mujini inasema vizuri, mnara iko karibu. Lakini kule kwenu mnara iko mbali, na yale mawimbi yenye inafika mbali, ile simu haiyajue. Mzee, wewe uko nangojea kusikia daktari. Picha itakuja nyuma."

"Wacha nijaribu." Sulaiti akatia laini yake pale dukani, akapiga, ikaita. "Si unaona? Inafanya."

"Inafanya hapa. Sikia, iko desturi yangu. Peleka nyumbani siku tatu, ikae kando ya ile ya zamani. Ikikataa, rudisha, hakuna maneno."

Jamani, ni mfanyabiashara gani anakupa nafasi kama hiyo? Lakini Sulaiti hakutaka kurudi nyumbani na katochi mfukoni. Aliiweka juu ya meza ili apunguziwe bei, akatoka na simu ya bluu. Ambroise alimtazama akiondoka, akatikisa kichwa, akaendelea na mteja mwingine.

Kule nyumbani, jambo la kwanza aliloliona Sulaiti ni kwamba simu haikuenea ndani ya mkebe. Akajaribu kwa upana, akajaribu kwa urefu, akaiacha mfukoni.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana ni kosa letu sisi watu wa mpakani. Kama wengi wetu, Sulaiti alikuwa na laini mbili, ya Uganda, na ya Kongo anayotumia akienda kununua vitenge soko la Ariwara. Zote mbili alizitia katika simu mpya. Mnara wa Kongo uko juu ya kilima ng'ambo ya mto, hauko mbali. Basi mistari ya mtandao ikasimama minne yote, video zikafunguka, ujumbe wa kundi la harusi ukamiminika. Kando ya ile mistari palikuwa na alama nyingine, ndogo, yenye msalaba. Hiyo ndiyo ilikuwa laini ya Uganda, na ilikuwa imekufa.

Sulaiti aliuona ule msalaba. Aliuona zaidi ya mara moja, na kila mara moyo wake uligutuka kidogo, kisha kidole kikasogeza kioo kwenye kitu kingine.

"Baba Zam, panda juu barabarani umuombe mutu akupigie," Hawah akamwambia Jumapili. "Mimi sina raha. Tangu jana haijalia hata moja."

"Mama Zam, video iko nakuja, simu ndio itashindwa? Hawajapiga. Wakipiga, utasikia."

Hawah akatazama mkebe mtupu. Siku ile alikuwa hakai. Alitoka jikoni, akarudi, akatoka tena.

Wiki ile ya harusi Sulaiti hakupanda mjini hata siku moja. Alibaki nyumbani kwenye cherehani yake, akashona usiku na mchana, na katikati ya kazi alipiga picha. Alipiga masufuria, akapiga wageni, akapiga mikono ya bibi harusi iliyopakwa hina. Kila mtu alimsifu, na sifa zile zilikuwa tamu. Hata hivyo, kitu ndani yake hakikukaa sawa. Alijikuta akitoa simu mfukoni bila sababu, akiitazama, akiirudisha, akiitoa tena.

Jumatano, saa tatu asubuhi, akawapanga watu wote wa nyumba mbele ya mlango. Zam alikuwa mbele, katika gauni la njano aliloshonewa na baba yake.

"Wote angalia kamera! Moja, mbili..."

Ikatoka picha nzuri. Latifu akasema hajapata kuona picha safi hivyo.

Ijumaa asubuhi jirani yao Ayikoru akaingia kiwanjani. Tangu wiki iliyopita yeye na mama yake walikuwa Aroi, upande wa Arua, kwenye matanga ya shangazi yake. Alikuwa amemshika mama yake mkono, na bibi kizee huyo, ambaye naye alikuwa ameandikishwa kule hospitalini, alikuwa na jicho moja lililofungwa bandeji.

"Hawah, mbona hamkukuja?" Ayikoru akauliza. "Walinipigia Jumanne, nikiwa Aroi. Nikamchukua mama mbio. Nikasema tutakuta Zam huko."

Hawah alimgeukia mumewe, na Sulaiti anasema mpaka leo angependa kupigwa kuliko kutazamwa vile.

Alimbeba Zam mgongoni, akakimbia kupanda mpaka barabarani, Hawah nyuma yake na viatu mkononi. Wakapata bodaboda. Walipofika juu mjini Koboko, simu ya bluu ikaanza kutetemeka mfululizo. Sulaiti akaitoa. Zilikuwa taarifa za mtu aliyemtafuta asimpate. Jumanne asubuhi. Jumanne jioni. Jumatano, saa tatu asubuhi.

Hapo mjini wakapanda gari la kwenda Arua. Ndani ya gari Zam alikuwa kati yao, ameshika kidole cha baba yake, na kila gari liliposimama kushusha abiria Sulaiti alitaka kuruka nje akimbie kwa miguu.

Hospitali ilikuwa shwari. Vitanda vya wodi ya macho vilikuwa vimekwisha tandikwa upya. Daniella akafungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la Zam. Mbele yake palikuwa pameandikwa mara tatu neno lilelile, *hapatikani*.

"Madaktari walienda jana jioni," akasema taratibu. "Tulimpa mwingine hiyo nafasi."

"Sister, watarudi lini?"

"Miezi minane. Labda tisa."

"Basi tutangoja. Na safari hii nitalala hapa mlangoni."

Daniella alifunga daftari. Alikuwa mtu mpole, lakini hakumdanganya. "Mzee, nilikuambia. Jicho ya mtoto ikikaa sana katika giza, inasahau kazi yake. Tutafanya yenye tutaweza."

Sulaiti akatoka nje ya jengo, akageukia ukuta, akalia. Zam alisikia. Akaja akipapasa ukuta mpaka akamfikia.

"Baba, simu imeharibika?"

"Hapana, mama. Mimi ndio nimeharibika."

Miezi minane ilipita polepole. Sulaiti alikwenda kwa Ambroise, akaichukua ile simu nene, na Ambroise akampa bila kumsuta. Madaktari waliporudi, mkebe ulilia mara moja tu, na Hawah akaipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Zam alipasuliwa macho yote mawili. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto lilikuwa limechelewa. Utando uliondoka, lakini jicho lenyewe linatazama bila kuona, na daktari alisema ndivyo litakavyobaki.

Siku moja, bandeji zikiwa zimetoka, Zam alikuta simu ya bluu ndani ya sanduku la vitambaa. Akaanza kuangalia picha za harusi, akiwataja watu mmojammoja kwa furaha, kwa kuwa alikuwa hajapata kuziona sura zao vizuri. Akafika kwenye picha ya Jumatano.

"Baba, huyu wa gauni la njano ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona watu wote wako naangalia mbele, mimi naangalia ukuta?"

Sulaiti akaweka mkasi chini. Picha ilikuwa safi kweli. Kila uzi wa gauni ulionekana.

"Ulisema wote waangalie kamera," Zam akaendelea, bila ubaya wowote. "Mimi sikujua iko wapi."

MAFUNZO

Ndugu zangu, simu si dhambi, na picha za harusi si dhambi. Dhambi ni kuchagua kitu cha nyumba kwa ajili ya macho ya wanaotucheka, tukawasahau wanaotutegemea. Sulaiti aliambiwa na mkewe, akaambiwa na muuzaji, na simu yenyewe ilimwonyesha msalaba. Hakukosa mtu wa kumwambia.

Unaponunua simu, mweleze muuzaji unakolala, wala usimweleze unakopita tu. Ipeleke nyumbani na laini yako, umwombe mtu akupigie ukiwa jikoni, ukiwa chumbani, ukiwa shambani, na ile ya zamani usiitoe mkononi mpaka mpya imekuitikia. Sisi wa mpakani tuangalie mistari ile ni ya nchi gani. Na ukiombwa namba ya pili hospitalini, toa ya jirani, hakuna aibu.

Katika nyumba ya Sulaiti simu nene inakaa kwenye nguzo ya jiko, ndani ya mkebe mkubwa zaidi. Chini yake anaketi binti anayechambua maharage kwa jicho moja. Baba yake akipita hapo, hupita upande wa kulia, ili mtoto amwone.