Pikipiki ya Baba na Plagi Nyeusi

Nyumbani kwetu siku ilianza kwa mlio wa pikipiki. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, mama akiwa jikoni anatandaza mkate wa mtama kwa viganja, baba alitoka uani na kuwasha injini. Alikuwa mtabibu wa mifugo. Alizunguka vijiji vya bonde letu, akichoma ng'ombe sindano na kuzalisha nyati wa kufugwa. Kabla ya kuondoka aliiacha injini ingurume dakika mbili. Katika dakika hizo alikunywa chai ya tangawizi akiwa amesimama, kisha akajifunga skafu kichwani.

"Indumati, leo tunakula nini?" aliuliza.

"Utakachokikuta," mama alijibu.

Kila siku swali lile lile, na jibu lile lile. Kisha baba akaenda zake.

Alifariki msimu wa mvua wa mwaka juzi. Moyo wake ulisimama akiwa zizini kwa watu. Siku ya kumi na tatu tulimaliza ibada za msiba, wageni wakatawanyika. Asubuhi ya kumi na nne nikasikia pikipiki ikinguruma. Niliruka kitandani, nikakimbilia uani.

Alikuwa mama. Alisimama kando ya pikipiki, mkono juu ya kiti, anatazama lango. Dakika mbili zilipopita, akazima. Akarudi jikoni. Kesho yake akafanya hivyo tena, na siku zote zilizofuata. Majirani wakazoea.

Mwaka jana, baada ya sikukuu ya taa, pikipiki ilianza kusumbua. Mama alibonyeza swichi, injini ikakohoa, ikazimika.

"Vuta mafuta, dada! Vuta sana!" jirani yetu Gajanan alipiga kelele juu ya ukuta.

Mama akavuta mshiko wa mafuta, akaachia, akavuta tena. Harufu ya petroli ikajaa ua mzima. Haikuwaka.

Gajanan akaja na spana yake. Akafungua plagi, kile kipande kinachotoa cheche ndani ya injini, akaisugua kwa msasa, akairudisha. Pikipiki ikawaka siku nne, ikagoma. Tukanunua plagi mpya. Ikawaka wiki tatu, ikagoma kabisa.

Jumapili moja akaja baba mdogo, Vasant, mdogo wake baba. Aliizunguka pikipiki na kuipiga teke gurudumu.

"Shemeji, tusidanganyane," alisema. "Ile ya zamani ya kaka ilikuwa chuma. Hizi za siku hizi ni simu zenye magurudumu. Kompyuta yake imekufa. Mwisho wa mwezi nakuja na mtu wa vyuma chakavu."

Mama alipangusa vumbi kwenye kiti.

"Kama haiwaki, aichukue. Sawa?"

"Kama haiwaki," mama alisema polepole.

Asubuhi iliyofuata hakutandaza mkate. Alikaa jikoni, moto haujawashwa. Nilimtazama nikaelewa. Wakiibeba pikipiki ile, mama atakuwa amemzika baba mara ya pili.

Nikaenda kwa Yakub Mulani, fundi tuliyesoma naye. Gereji yake iko karibu na mzani wa miwa.

"Ujwala! Umekuja kunirudishia kalamu uliyoiazima darasa la saba?"

"Kalamu yenyewe haikuwa na wino. Njoo uangalie pikipiki ya baba."

Utani ukamtoka. "Baba yako alimwokoa ng'ombe wetu aliyekuwa amelala chini siku mbili," alisema. "Kesho naanzia kwenu."

Alikuja asubuhi na mapema, na hakukimbilia spana.

"Mama, geuza ufunguo tu," alisema. "Usibonyeze swichi. Usivute mafuta. Sikilizeni."

Tukasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Baada ya muda mfupi ukakoma.

"Hiyo ni pampu ya petroli. Ni nzima. Sasa tazameni hii taa ya njano yenye picha ya injini. Imewaka, imezima. Kompyuta ingegundua hitilafu, taa ingeendelea kuwaka au ingepepesa. Nani aliwaambia kompyuta imekufa?"

"Baba mdogo," nikasema.

"Daktari wa wapi huyo?"

Mama alitaka kucheka, akajizuia.

Yakub alipuliza vumbi kuzunguka plagi kwa pampu ya baiskeli. "Ukifungua bila kupuliza, mchanga unaingia ndani ya injini," alisema. "Na injini iwe baridi, la sivyo utaharibu nyuzi za skrubu za tundu lake." Akafungua plagi, akaiinua kwenye mwanga.

Ncha yake ilikuwa nyeusi. Alipoipitishia kidole, unga mweusi mkavu ukabaki kidoleni.

"Plagi ni shahidi," Yakub alisema. "Wengi wanamfukuza shahidi bila kumhoji. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inachemka mno. Ikiwa na weusi unaong'aa, wenye mafuta mazito, oili inavuja kuingia ndani. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yamefika lakini cheche haikuyachoma. Hii yenu ni nyeusi na kavu. Ni masizi, kama ya chini ya sufuria. Maana yake petroli ilikuwa nyingi kuliko hewa, au injini haikupata moto wa kutosha."

"Masizi yanazuiaje isiwake?" nikauliza.

"Cheche inatakiwa iruke huu mwanya mdogo. Masizi yanapitisha umeme. Sasa umeme uruke shimo kwa nini wakati daraja lipo? Unapita kwenye masizi, cheche inakosekana."

Akafungua chujio la hewa. Lilikuwa safi. Akapima waya wa kihisi kinachoiambia kompyuta kama injini ni ya moto au ya baridi. Kilikuwa kizima. Akakuna kichwa.

"Plagi hii ina muda gani?"

"Miezi miwili," nikasema. "Ya kwanza ilikuwa ile iliyokuja na pikipiki."

Yakub akainama kwenye kibandiko alichokibandika mwenyewe mara ya mwisho baba alipompelekea pikipiki. Akasoma kilomita zilizoandikwa. Kisha akasoma za kwenye kioo cha dashibodi.

"Tangu siku ile imetembea kilomita mia tatu na kumi," alisema. "Mia tatu tu! Plagi mbili zimekufa kwa safari gani?"

Baba alikuwa akimaliza kilomita mia tatu kwa wiki. Hizo zilikuwa za wiki yake ya mwisho. Mama akatazama chini.

"Haijasafiri," alisema. "Ni mimi. Naiwasha asubuhi, dakika mbili, halafu nazima. Nataka tu kuisikia."

Yakub aliweka spana chini, akakaa kwenye jiwe la kufulia. Hakutania.

"Mama, ukiwasha jiko la kuni asubuhi, unafanyaje?"

"Naongeza vijiti mpaka lishike."

"Na likishashika?"

"Napunguza."

"Kompyuta ya pikipiki inafanya hivyo hivyo. Injini ikiwa baridi, inaongeza petroli. Ikishapata moto, inapunguza. Wewe unaizima ikiwa bado inaongeza. Kila asubuhi vijiti vibichi na moshi, jiko halishiki kamwe. Plagi hujisafisha yenyewe, lakini mpaka iwe ya moto sana. Haijapata nafasi. Betri nayo inachoka, maana kuwasha kunakula umeme mwingi na dakika mbili hazirudishi."

Mama aliinua uso.

"Lakini yeye alifanya hivyo kila siku. Dakika mbili zile zile."

"Ndiyo, mama," Yakub alisema. "Halafu akaondoka."

Gajanan, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, alishuka taratibu.

Yakub alitoa plagi mpya. Alinionyesha namba yake nione inafanana na iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Aliniachia niiingize kwa vidole mpaka ikome, ndipo akanipa spana niikaze kidogo tu. Akanusa oili, akakunja pua. Petroli isiyoungua ilikuwa imechuruzika humo, kwa hiyo akaibadilisha. Betri akaenda nayo akaichaji, jioni akairudisha.

"Msasa marufuku," alimwambia Gajanan, aliyekuwa amerudi kuchungulia. "Unakwaruza ncha na kuacha chembe."

"Na kuvuta mafuta?" Gajanan akauliza kwa aibu.

"Hilo ni somo la pikipiki za zamani za kabureta, kaka. Hii inajipimia yenyewe. Geuza ufunguo, ngoja pampu inyamaze, bonyeza swichi bila kugusa mafuta."

Kisha akamgeukia mama. "Ukiiwasha, itembee angalau nusu saa, ipate moto. Kama haitembei, usiiwashe kabisa. Hakuna katikati."

"Kwa hiyo niiache kimya," mama alisema.

"Au itoke langoni."

Mama akanitazama. Mimi naandika hesabu ya maziwa yanayoletwa kwenye kituo cha wafugaji, kilomita kumi na nne kutoka kwetu. Siku zote nilikwenda kwa basi.

"Utaiweza?" aliniuliza.

"Baba alinifundisha kwenye ile ya zamani. Kwenye shamba la miwa, baada ya mavuno. Alikuwa anakimbia nyuma yangu akipiga kelele."

"Hakuniambia!"

"Alijua utakataa."

Mama alifunika mdomo kwa ncha ya sari. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu aligeuza ufunguo mwenyewe. Akangoja mbu anyamaze, akabonyeza. Injini ikawaka mara moja. Nilipopanda akaushika mkono wangu, akauachia. Nikatoka langoni.

Niliporudi alasiri, nilimkuta amesimama barabarani.

"Nimeisikia tangu darajani," alisema. "Nilikuwa nimesahau kwamba inarudi pia."

Baada ya wiki tatu, Yakub aliifungua plagi tena, nione kwa macho yangu. Ncha ilikuwa kavu, rangi ya biskuti.

Mwisho wa mwezi baba mdogo alikuja na mtu wa vyuma chakavu, na mkokoteni. Mimi sikuwapo. Gajanan ndiye aliyenisimulia. Waliukuta ua mtupu. Mama alikuwa jikoni, anatandaza mkate.

"Shemeji, pikipiki iko wapi? Umeshaiuza?"

"Imekwenda kazini," mama alisema. "Kaeni mle chakula."