Mke Mwenza wa Chuma

Siku meli ya vita Northumbria iliposhushwa majini, Portsmouth nzima ilihamia gatini. Hester Pragnell alivaa blauzi nyeupe na kofia mpya ya majani yenye utepe wa buluu. Kofia ikapeperuka, ikakanyagwa na baharia mmoja aliyekuwa ameikodolea macho meli badala ya kutazama anapoweka buti lake. Dalili ile! Lakini msichana wa miaka hiyo haoni dalili, anaona mabega. Reuben Tizard aliomba radhi, akamnunulia kome wa siki, na kabla kome hawajaisha walikuwa wanachekeana.

Haukupita muda Reuben akapangwa humo humo Northumbria, mchochea makaa. Balaa likaanzia hapo.

Kwa kanisa lao, matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu, na msipofunga ndoa ndani ya miezi mitatu yanakufa, mnaanza upya. Yaliposomwa mara ya kwanza, Northumbria ikaamriwa kwenda Malta. Mara ya pili ikapasuka bomba la mvuke, ikapelekwa Uskochi kutengenezwa, na Reuben ndani yake. Mara ya tatu vikaja vita. Hester alibaki kiwandani akishona nguo za kubana viuno vya mabibi harusi wa watu. Wasichana aliowafundisha kazi wakaolewa, wakazaa, na yeye yuko pale pale. Alichoka mpaka akachoka kuchoka.

Vita vilipokwisha meli ilikuwa kizee, ikauzwa ikakatwe vyuma vikuukuu. Hester alishangilia peke yake jikoni. Matangazo yakaanza tena. Ndipo Reuben akaja amejiinamia, akasema harusi itasogea kidogo. Ameamriwa kuisindikiza meli hadi inakokatwa. Amri ni amri, mpenzi.

Jumamosi, jirani yake Dorcas, ambaye mumewe naye alichochea makaa humo, alimpa pole. Mume wake yeye amekataa kwenda, akasema. Si wanakwenda wanaojitolea tu?

Jumapili padri akasoma majina, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hester akasimama katika koti lake la kijivu.

"Ninalo, padri. Huyu bwana ana mke tayari. Wa chuma."

Kanisa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akatoka, Reuben nyuma yake.

"Hester wangu, umenivua nguo mbele ya watu."

"Ulinidanganya."

"Ningekwambia nini? Kwamba nataka kuizika meli? Ungenicheka."

"Ningekusindikiza mpaka gatini. Angekuwa mwanamke ningemvuta nywele, yakaisha. Chuma nikivute nini?" Sauti ikamkatika. "Miaka yote nailaumu serikali, Reuben. Kumbe pengine ni wewe."

"Zile nyingine zilikuwa amri kweli."

"Sasa nitajuaje?"

Hester akaenda zake nyumbani, akalia kwa hasira hadi viazi vikaungua.

Siku Northumbria ilipovutwa kutoka bandarini, wasichana wote kiwandani walikimbilia madirishani. Hester hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alimwona Reuben alipofika mlangoni, amevaa suti ya kanisani, hana mfuko wa safari.

"Imeondoka," alisema. "Nimewaambia wanifute kwenye orodha." Kisha jibaba lile likaangua kilio mbele ya wasichana.

Hester alitaka kufurahi, ikashindikana. Alimsubiri mwanamume huyu ujana wake wote, na leo amechaguliwa yeye, wivu ukamkaba vile vile. Akamshika mkono, wakatoka mbio mpaka kwenye ukuta wa kando ya bahari. Wakakuta moshi tu wa vimeli vilivyokuwa vikiivuta. Reuben akalia upya, kamasi na yote. Hester akampa leso yake.

"Nitamwomba padri asome tena Jumapili," alisema. "Ila siku nikifa, Reuben, unililie hata nusu ya hivi."