Kitobo cha Kisogoni

Hebu fumba macho kidogo, uone ninachokuonyesha. Mbele yako pana meza ndogo chini ya dirisha. Juu yake kuna brashi saba zimesimama ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, vichupa vya rangi vimepangwa kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, vipande vya msasa, na kibao cha kuchanganyia rangi chenye madoa ya miaka mingi. Katikati ya meza, juu ya kizibo cha chupa, amekaa mwanamke mwenye urefu wa shubiri moja. Amekaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa upande, anachana nywele zake. Mwili wake wote ni wa kijivu, maana amepakwa rangi ya msingi tu, ile inayotangulia ili nyingine zishike.

Umemwona? Sasa mtazame midomo. Midomo si ya kijivu.

Mwenye meza hiyo alikuwa fundi wa meno bandia. Kutwa alichonga meno ya watu kwenye kliniki, na saa za kwake alijenga na kupaka rangi sanamu ndogo za rezini. Alifanya kazi hiyo asubuhi kabla ya kwenda kliniki na alasiri akirudi, kwa mwanga wa jua peke yake, kwa kuwa taa hudanganya rangi. Alasiri hiyo aliinama mezani, akavaa lenzi yake ya kichwani, akaitazama ile midomo. Ilikuwa ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, imepakwa vizuri kuliko alivyowahi kupaka yeye.

"Nani amegusa meza yangu?" akauliza.

"Nani aiguse?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Hiyo meza hata vumbi huomba ruhusa kwanza."

Fundi akacheka. Akajiambia labda aliipaka mwenyewe akasahau. Lakini alipotazama vichupa vyake, rangi ile haikuwemo.

Nirudi nyuma wiki moja, ili usipotee.

Sanamu ile ilifika ndani ya boksi ikiwa vipande tisa. Fundi aliviosha kwa sabuni, akakata masalio, akapiga msasa, akaviunga kwa gundi. Sasa, rezini ni plastiki ya majimaji inayomiminwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo, ikagande. Hewa ikinaswa humo, huacha vitobo. Kila mjenzi anajua dawa yake: unakipanua kitobo kwa kekee ndogo ya mkono, unapuliza vumbi kwa kipira, unakishindilia puti, ule ujiuji mzito wa kuzibia, mpaka ndani, na ikikauka unaisawazisha. Sanamu ile ilikuwa na kitobo kimoja tu, kisogoni, chini ya nywele. Fundi alipoingiza kekee, ikazama. Ikaendelea kuzama. Kichwa chote kilikuwa kitupu, mpaka kifuani.

Siku hiyo alikuwa ametoka kugombana na mkewe. Mkewe alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa mtaa wa pili. Alikuwa amemwomba mumewe mara tatu aje aone kioo kipya alichoweka, na mara zote tatu mumewe alisahau.

"Huyo wako wa plastiki," mkewe alisema, amesimama mlangoni, "unajua kila uzi wa nywele zake. Haya, mimi leo nimesuka mtindo gani?"

Fundi akageuka kumtazama. Mkewe akafunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Usitazame. Sema."

Fundi akarudisha macho mezani. Mkewe akaondoka.

Fundi akabaki amenuna. Akatafuta kipira chake cha kupulizia, hakukiona. Basi akafanya jambo ambalo mjenzi hafanyi: aliweka midomo kwenye kisogo cha sanamu, akapuliza kwa pumzi yake mwenyewe. Na kabla hajaiondoa midomo, akanong'ona, "Katika nyumba hii, wewe peke yako ndiye unayenielewa."

Akahisi kitobo kikivuta, kidogo tu, kama mtoto anavyovuta maji kwa mrija. Hakujali. Na kwa sababu alikuwa amechoka, hakushindilia puti mpaka ndani. Alipaka utando mwembamba juu ya mdomo wa kitobo, akausawazisha, akaacha uwazi wote ule umefunikwa kama chungu kitupu kilichowekwa kifuniko.

Sasa turudi kwenye ile midomo.

Asubuhi iliyofuata mkewe alitoka bafuni akasimama mbele yake. "Nitazame usoni. Nina nini?"

Midomo yake ilikuwa imepauka. Haikuwa nyeupe ya mgonjwa. Ilikuwa ya kijivu, laini, sawasawa pande zote. Fundi aliijua rangi ile, maana aliinunua mwenyewe, lakini alisema, "Labda ni baridi."

Kisha nywele. Nywele za mkewe ziligeuka kuwa kijivu siku mbili baadaye, na wateja walipomtania kwamba amezeeka ghafla, alicheka nao, halafu akafunga mlango wa saluni akakaa peke yake mbele ya kioo chake kipya. Daktari alipima damu, akasema damu ni nzuri. Na nyumbani, juu ya meza, mwanamke wa rezini alikuwa na nywele nyeusi zinazong'aa, zenye ule wekundu unaoonekana tu zikipigwa na jua. Chumba kizima kilinukia mafuta ya mawaridi ambayo mkewe alijipaka kichwani tangu usichana wake. Mto wa mkewe nao ulinuka rezini mbichi.

Mchana wa saa nane, nyumba ikiwa kimya na jua limejaa dirishani, ilisikika sauti ya chanuo. *Kwaru. Kwaru. Kwaru.* Ukiingia, inakoma.

Fundi alijua, mwanangu. Nisikufiche. Vichupa vyake vilikuwa bado vimejaa, na kila siku sanamu iliongezeka rangi. Lakini maonyesho ya wajenzi yalikuwa Jumamosi ile, na hakuwahi kuwa na kazi nzuri kama hiyo. Akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akaandika jina lake chini ya kigoda.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka saba. Walimwita Kasuku, kwa sababu alizungumza tangu anapoamka mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Baba yake alikuwa amemtengenezea bata mdogo kwa mabaki ya rezini, na Kasuku alikuwa amempaka manjano mwili mzima na buluu kwenye mabawa na kwenye meza ya chakula.

"Baba, si mzuri?"

Fundi akampakata, akambusu utosini. "Huyu ameshinda kazi zangu zote."

Sauti ya chanuo ilikuwa ikisikika chumbani, na ikakoma.

Asubuhi bata alikuwa wa kijivu. Kucha za Kasuku pia. Ilipofika adhuhuri vidole vyake vyote kumi vilikuwa vya kijivu, na jambo lililomtisha mama yake kuliko vidole ni kwamba Kasuku alikuwa amenyamaza. Baba yake alipotaka kumpakata, mtoto alirudi nyuma.

"Baba," akanong'ona, "yule dada amesema nisikae tena magotini pako."

"Dada yupi?"

"Wa mezani. Amesema hapo ni pake."

Hapo ndipo Fundi alipokimbia kumwita shangazi ya mkewe.

Shangazi alikuwa mganga, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifika akihema, akaomba chai, akaimaliza, ndipo akaomba kuonyeshwa meza.

"Nimetoa majini kwenye vyungu," alisema, akiinama, "kwenye gitaa, na mara moja kwenye pasi ya umeme. Kwenye plastiki ndiyo kwanza leo. Dunia inakwenda mbio." Akagusa kisogo cha sanamu kwa kidole, akakiondoa haraka. Hakutania tena. "Ana joto, na anatetema kama mtu anayezuia pumzi. Mwanangu, humu ndani mna uwazi. Nani aliutia pumzi?"

"Mimi," Fundi akajibu chini chini. "Nilikuwa napuliza vumbi."

"Na ulimwambia nini?"

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa amemshika Kasuku mikononi, na mikono ya mtoto ilikuwa ya kijivu mpaka viwikoni.

"Sikumwambia kitu."

"Mimi ni mzee, si mjinga," shangazi alisema taratibu. "Mtoto anaisha huyu. Jini hili lina wivu. Linamfuta kila unayemtazama kwa mapenzi, ili ubaki nalo. Lilipewa neno. Neno gani?"

Basi Fundi akasema. Alilisema huku akitazama sakafu, neno zima, kama alivyolinong'ona. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema.

"Chukua chombo ulichofungulia kitobo," shangazi akaagiza. "Kifungue tena. Na ulitangue neno lako, lakini useme kweli. Wao huijua kweli kuliko sisi."

Fundi akashika kekee, akaiweka kisogoni. "Si wewe unayenielewa," alisema. "Si wewe." Kekee haikuingia. Puti ile nyembamba kama ganda la yai ilikuwa ngumu kama chuma, na ncha ya kekee ikakatika.

"Amejua unadanganya," shangazi akanong'ona. "Bado unamsifu moyoni."

Kasuku akakohoa. Shingo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Mkewe akamkabidhi shangazi mtoto. Akasogea mpaka mezani, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, kama siku ile.

"Nywele zangu," alisema. "Leo nimesuka mtindo gani?"

Fundi akafumba macho. "Mistari minane, inarudi nyuma," akasema. "Wa tatu kutoka kushoto umepinda, kwa sababu uliufumua ukausuka tena, mikono ilikuwa inakutetemeka. Na nyuma ya sikio la kulia umeacha kishungi kidogo hukukisuka. Huwa unakiacha ukiwa na hofu. Ulikiacha siku tuliyooana. Ulikiacha siku aliyozaliwa Kasuku. Mimi nilikiona, sikuwahi kukwambia."

Mkewe akashusha mikono. Kishungi kilikuwepo.

Fundi akachukua ncha nyingine, akaibana kwenye kekee, akaisukuma, na safari hii ikazama, na kutoka kwenye kitobo kile kisichozidi punje ya mtama ikatoka pumzi ndefu ya moto yenye harufu ya mawaridi na rezini mbichi, ikaendelea kutoka kuliko kifua chochote kinavyoweza kuhifadhi, ikaangusha brashi zote saba, ikazunguka kuta na kurudi, ikapita mashavuni mwa Fundi kama kiganja cha mtu anayebembeleza, na ndani yake mlikuwa na sauti yake mwenyewe, sauti ya Fundi, ikirudia rudia *wewe peke yako, wewe peke yako*, mpaka ikapenya kwenye mwanya wa dirisha na chumba kikabaki kimya.

Sanamu ilikuwa ya kijivu, utosini mpaka kwenye kigoda. Midomo ya mkewe ilikuwa imerudi rangi yake. Kasuku alitazama vidole vyake, akavihesabu, kisha akauliza kama chai imebaki.

"Usimvunje," shangazi alimwambia Fundi akiaga. "Ukimvunja, aliyetoka humo atatafuta nyumba nyingine. Mjaze tu."

Fundi alimjaza. Alishindilia puti siku tatu, tone kwa tone kwa ncha ya sindano, mpaka ndani hapakubaki nafasi hata ya jasho. Maonyesho yalipita bila yeye. Siku hiyo ya Jumamosi alikuwa saluni, amekaa mbele ya kile kioo kipya, akimtazama mkewe akisuka watu, na wateja wakamtania kwamba amekuja kulinda mali.

Wakawa wanatazamana sana wale wawili. Mezani, mlangoni, hata wakiwa wanaosha vyombo. Ilipendeza kuwaona.

Jumatatu moja mchana mama alikuwa anamchana Kasuku nywele. Mtoto alikuwa kimya, na mama akadhani anasinzia. Kisha akaona amemshika bata wake, amempindua tumbo juu. Bata alikuwa bado wa kijivu. Katika nyumba nzima, yeye peke yake hakurudishiwa rangi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini.

"Mama, bata ana kitobo tumboni," Kasuku alisema. "Lakini nimeshakiziba. Kwa bazoka niliyoitafuna."

Chanuo la mama likasimama.

"Kasuku. Ulimwambia kitu kabla hujakiziba?"

"Kidogo tu."

"Ulimwambia nini, mama?"

Mtoto akafikiri. "Wewe na Baba siku hizi mnatazamana tu. Kwa hiyo nikamwambia yeye peke yake ndiye rafiki yangu."

Mama akamtazama bata. Mdomo wake ulikuwa umeanza kupata rangi. Na ijapokuwa chanuo lilikuwa limesimama mkononi mwake, sauti ilikuwa inaendelea. *Kwaru. Kwaru.*

Sasa fumbua macho. Jua bado lipo, na mimi nipo hapa. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, hata ukisahau mengine yote: ukikuta kitobo kwenye kitu chako unachokipenda, kizibe mpaka ndani, na usikinong'oneze chochote.